Geji Iliyokufa Ndiyo Iliyoua Pampu

Gari likizimika njiani kwa sababu ya pampu ya mafuta, lawama zote huangukia pampu. Mwenye gari ananunua nyingine, fundi anaifunga, gari linawaka, na habari inaishia hapo. Mimi siku hizi nauliza swali la pili: pampu hiyo imekufa kwa nini? Jibu nililipata kwenye Corolla ya baba mdogo, na lilikuwa limekaa mbele ya macho ya familia nzima kwa miaka, pale kwenye dashibodi, mshale umelala juu ya herufi E.

Baba mdogo ni mwalimu mstaafu wa Morogoro. Gari lake ni Corolla AE110 yenye injini ya 5A-FE, cc 1,498, mojawapo ya yale magari yaliyotoka Japani yakiwa yameshatumika, yakasajiliwa huku enzi za namba A, na mpaka leo yanapeleka watoto shule na wagonjwa hospitali. Tangi lake linachukua lita 50. Geji ya mafuta ilianza kusumbua kidogo kidogo. Kwenye barabara ya vumbi mshale ulicheza, ukapanda mpaka nusu, ukashuka, ukapanda tena. Kisha ukalala kwenye E na haukuamka. Fundi mmoja alipoambiwa akajibu kwamba gari linatembea kwa injini, halitembei kwa geji. Mwingine, alipoona ile taa ya njano ya mafuta inawaka kila mara, akachomoa balbu yake nyuma ya dashibodi ili isimsumbue mzee.

Taa ile ilikuwa inasema kweli. Kwenye magari mengi ya Toyota ya miaka hiyo, taa ya mafuta haiusikilizi mshale wa geji. Ina kihisi chake kidogo ndani ya tangi, karibu na sakafu. Kikiwa kimezama kwenye petroli kinapoa, na taa inabaki imezimika. Petroli ikishuka na kukiacha wazi, kinapata joto, upinzani wake wa umeme unapungua, na taa inawaka. Iliwaka kila mara kwa sababu tangi lilikuwa karibu tupu kila mara. Shahidi pekee aliyekuwa amebaki ndani ya gari lile akanyamazishwa.

Mwalimu ni mtu wa hesabu, naye hakukosa njia. Alinunua daftari, akaliweka kwenye droo ya gari, akawa anaandika kila anapotoka sheli: tarehe, lita, na namba ya kilomita. Alijua gari lake linakula kiasi gani mjini na kiasi gani njia kuu, na kwa hesabu hiyo akaishi. Daftari lenyewe limeandikwa vizuri, kwa mwandiko wa ubaoni. Lakini daftari halijui foleni ya Msamvu, halijui siku ulipopakia mahindi mpaka gari likakaa chini, wala siku jirani alipoazima gari akazunguka zaidi ya alivyosema. Kila hesabu ilipokosea, gari lilisimama likiwa kavu, na bodaboda akatumwa na kidumu.

Petroli ya kidumu ni bahati nasibu. Kidumu chenyewe jana kilibeba mafuta ya taa au maji. Kimewekwa chini kwenye vumbi. Hakina mfuniko, kimezibwa kwa nailoni. Wasomaji wa Tanzania wanakumbuka vilio vya uchakachuaji, vilivyoifanya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, mwaka 2010 ianzishe utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochanganywa yakamatwe. Utaratibu huo unalinda visima vya sheli. Haumlindi mtu anayemiminiwa petroli kandokando ya barabara kwa faneli iliyokatwa kutoka kwenye chupa ya maji.

Siku gari liliposhindwa kabisa tulikuwa tunakwenda Dar es Salaam kwenye kikao cha harusi. Mpaka Chalinze halikuwa na neno. Tulipoanza kuikaribia Mlandizi likaanza kupungukiwa nguvu. Ukikanyaga, injini inaitikia kidogo kisha inalegea. Kwenye tambarare linajikokota, kwenye mwinuko linataka kuzima. Nyuma, chini ya kiti, ulisikika mlio mwembamba ambao wakati wa kuondoka haukuwepo. Tukilipumzisha linawaka na kutembea vizuri, kisha ugonjwa unarudi. Mwendo huo ni alama ya kujulikana: pampu iliyochoka hufanya kazi ikiwa ya baridi na kulegea ikipata joto. Kwa kupumzika na kutembea tulifika Kibaha, tukaingia kwenye gereji moja iliyo chini ya mwembe.

Kama ilivyo kwenye gereji yoyote, waganga walijitokeza kabla ya kifuniko cha injini kufunguliwa. Mmoja alisema plagi. Mwingine alisema koili. Wa tatu alikuwa tayari kwenda kuleta nozeli za mtumba. Fundi tuliyemfuata, kijana mpole mwenye ovaroli ya bluu, alimwamkia baba mdogo, akasikiliza maelezo mpaka mwisho, kisha akasema, "Mzee, tusinunue kitu kwanza. Tupime."

Akafungua kisanduku kidogo cheusi pembeni mwa injini, kilichoandikwa DIAGNOSTIC juu ya mfuniko wake. Ndani yake kuna matundu yenye majina. Alichukua kipande cha waya akaunganisha tundu la +B na lile la Fp, akaniomba niwashe swichi bila kupiga selfu, mwenyewe akaenda kutega sikio kwenye mdomo wa tangi. Kwenye magari haya pampu haizunguki kwa kuwasha swichi peke yake. Inazunguka injini inapopigwa selfu au inapokuwa inaunguruma, ili gari likipata ajali na injini ikazima, pampu nayo isiendelee kumwaga petroli. Kile kipande cha waya huilazimisha izunguke hata injini ikiwa imelala. Ikazunguka, kwa sauti ya kukwaruza.

Kisha akafunga kipimo cha msukumo kwenye njia ya petroli. Kwa injini hiyo, kitabu cha mtengenezaji kinataka msukumo wa psi 38 hadi 44 mpira wa vakyumu unapokuwa umechomolewa kwenye regyuleta. Wa kwetu haukufika hata nusu ya hapo, na pampu ilipozimwa mshale ulianguka mara moja, dalili kwamba hata vali inayozuia petroli isirudi tangini ilikuwa imelegea. Ndiyo maana kila asubuhi gari lilipigwa selfu muda mrefu kabla ya kuwaka. Mwisho akapima umeme unaofika kwenye pampu yenyewe ikiwa inafanya kazi. Ulikuwa wa kutosha. Kwa hiyo waya ni mzima, rilei ni nzima, mgonjwa ni pampu. Vipimo vyote hivyo havikutugharimu hata spea moja. Waganga wakatawanyika.

Kabla ya kugusa tangi, fundi alifanya jambo lililonifanya nimheshimu zaidi. Hatua chache kutoka pale alikuwepo mama lishe, jiko lake la mkaa limekolea. Fundi akasema hapa hatufungui kitu, tukalisukuma gari mpaka upande wa pili wa uwanja, penye upepo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea. Unatambaa chini, unatafuta bonde, na unaweza kulikuta jiko lililo mbali ukarudi na moto. Unashika moto ukiwa umechanganyika na hewa kwa kiasi kidogo sana, kuanzia asilimia 1.4 hivi mpaka 7.6. Akatoa waya hasi wa betri, akaweka mtungi wa kuzimia moto karibu, akawaambia vijana wenye sigara wasogee mbali. Simu zetu tukaziacha kwenye benchi.

Hapo ndipo watu huuliza: kama ni hatari hivyo, mbona mota ya umeme inakaa ndani ya petroli miaka nenda rudi na gari halilipuki? Jibu ni hiyo hiyo hesabu ya asilimia. Ndani ya tangi mvuke umejaa kupita kiwango cha kuwaka, hewa ni chache mno, na cheche haipati cha kushika. Petroli inapita katikati ya mota, inaipoza na kuilainisha. Pampu za aina hii hazina kilainishi kingine wala kipozeo kingine. Kwa hiyo kitu ambacho sisi tunakiona hatari, kwa pampu ndicho uhai.

Na hapa ndipo kisa cha geji kinapoanza kuunganika na kisa cha pampu. Pampu ya gari kama hili husukuma petroli nyingi kuliko injini inavyohitaji. Inayobaki inarudi tangini kwa mpira wa pili, ikiwa imeshapita kwenye joto la injini. Tangi likiwa na petroli ya kutosha, joto hilo linapotea humo. Tangi likiwa na lita tatu nne, petroli ile ile inazunguka na kuzunguka, inazidi kupata moto, na pampu inakaa nusu nje, inakunywa hewa kila gari linapokata kona. Gari linaloendeshwa kila siku kwenye ukingo wa ukavu linaipika pampu yake polepole.

Tulinyanyua kiti cha nyuma, fundi akafungua kifuniko cha bati sakafuni. Kabla ya kulegeza bolti yoyote alipuliza vumbi lote kwa upepo wa kompresa na kufuta kwa kitambaa, kwa kuwa kila chembe iliyo juu ya tangi huanguka ndani ya tangi. Kisha akatoa plagi ya umeme, mipira, bolti za pembeni, na kuivuta pampu kwa kuilaza upande, taratibu, ili mkono wa boya usipinde. Kwenye gari hili pampu na sensa ya geji hukaa pamoja kwenye shina moja la chuma, na hapo nikaviona vyote viwili kwa mara ya kwanza.

Kwenye mdomo wa pampu kuna kichujio cha kitambaa ambacho mafundi wanakiita soksi. Kikiwa kipya ni cheupe. Cha kwetu kilikuwa na rangi ya kahawia iliyoiva, na ukikibonyeza kwa kidole kinatoa tope laini. Tulipomulika ndani ya tangi kwa tochi ya fundi, iliyozibwa vizuri, tuliona utando wa uchafu uliotulia sakafuni na matone ya maji yakitembea chini ya petroli. Hivyo vyote viliingia kwa mdomo wa kidumu. Kisa chote kikawa kimejieleza: geji imekufa, mwenye gari anakisia, gari linakauka, kidumu kinaletwa, uchafu unaingia, soksi inaziba, pampu inavuta kwa nguvu huku inaungua kwa kukosa petroli ya kuipoza, mpaka inakata tamaa karibu na Mlandizi.

Tangi lilikaushwa na kusafishwa. Pampu mpya ililetwa kutoka Gerezani, Dar es Salaam, na fundi aliikagua kabla ya kuipokea: akalinganisha kimo na unene na ile ya zamani, akatazama vituo vya umeme, akahakikisha soksi mpya imo ndani ya boksi. Hakuijaribu ikiwa kavu. Pampu mpya ikizungushwa bila petroli, hata kwa muda mfupi, inaanza maisha na majeraha. Alikataa pia mpira wa kawaida wa petroli aliouleta kijana wake kwa ajili ya kuunganisha pampu na bomba la juu. Mpira wa kawaida umetengenezwa kubeba petroli ndani yake, ngozi yake ya nje haikuandaliwa kulowa. Ukizamishwa tangini huvimba, hulainika na kupasuka, na msukumo wote unavujia humo humo ndani huku pampu mpya ikilaumiwa. Kuna mpira maalumu wa kuzama. Tuliusubiri.

Fundi alipokuwa anajiandaa kurudisha shina lile tangini, nikamwomba apime na sensa ya geji.

"Hiyo iache, mwanangu," baba mdogo alisema. "Daftari langu linatosha."

"Baba, daftari ndilo lililotufikisha hapa," nilimjibu.

Alinitazama kidogo, akamgeukia fundi. "Haya, mpimie."

Kwanza fundi alitaka kujua kama kosa liko kwenye dashibodi au ndani ya tangi. Alirudisha kwa muda waya wa betri, akachukua balbu ndogo ya majaribio, akaiunganisha kati ya waya wa geji na bodi ya gari. Balbu hutumika badala ya waya mtupu ili umeme usipite kwa wingi ukaunguza geji. Balbu ikawaka, na baba mdogo aliyekuwa amekaa mbele akaita kwa sauti, "Unapanda! Mshale unapanda!" Miaka yote hiyo geji ya dashibodi ilikuwa nzima. Ilikuwa inasubiri kuambiwa ukweli.

Sensa yenyewe haina uchawi. Boya linapanda na kushuka na petroli. Mkono wake unasogeza ulimi mdogo wa shaba juu ya ukanda wenye upinzani wa umeme. Kwa Corolla hii, tangi likijaa upinzani unapaswa kuwa karibu omu 3, na likikauka karibu omu 110. Fundi alishika mita, mimi nikainua boya polepole kwa kidole. Palipo juu mita ilisoma vizuri. Tulipolishusha kidogo, namba zikaruka, zikapotea, zikarudi, zikapotea kabisa. Ukanda ulikuwa umefunikwa na utando mweusi, ulimi wa shaba umelegea na hauugusi sawasawa, na waya wa bodi ulikuwa umeliwa na kutu ya kijani pale ulipofungwa.

Kazi ya kuiponya sensa ilikuwa ya mikono miepesi. Alifuta ukanda kwa kitambaa cha pamba kilicholoweshwa spiriti, akarudia mpaka kitambaa kikatoka safi. Hakutumia msasa, kwa kuwa msasa unakula ukanda wenyewe na kuubadilisha upinzani wake. Ulimi aliukunja kwa ncha ya koleo jembamba, kiasi cha unene wa karatasi, ukarudi kukandamiza. Waya wa bodi aliukata, akaukwangua, akaulehemu upya, mbali na gari na baada ya shina kukauka petroli yote. Tukapima tena. Safari hii namba zilipanda kutoka tatu na kitu mpaka zaidi ya mia moja bila kuruka hata mahali pamoja. Hakuna spea iliyonunuliwa kwa kazi hiyo. Na balbu ya njano ikarudishwa mahali pake.

Hatukuishia hapo. Tuliporudisha petroli tuliimimina kwa ndoo yenye alama za lita, kupitia chujio, lita tano kwa lita tano, na kila mara baba mdogo akaandika mshale umesimama wapi. Hapo daftari lilipata kazi inayolifaa: kuthibitisha kipimo, badala ya kukaa kwenye nafasi ya kipimo. Fundi alikagua mipira yote na ukingo wa kifuniko kwa mkono mkavu kutafuta unyevu, akaacha gari liungurume muda mrefu kabla ya kurudisha kiti. Msukumo ukasoma 41.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu siku ile, kwa sababu naona halihusu gari peke yake. Kipimo kikifa, watu hawaachi kuhitaji kujua. Wanaanza kukisia, na makisio yakipatia mara kadhaa yanageuka kuwa mazoea. Mtu anayeishi hivyo ni sawa na anayepikia wageni bila kufunua debe la unga: siku nyingi chakula kitatosha, na siku kitakapopungua wageni watakuwa wameshanawa mikono. Duka lisilo na daftari la mali, mgonjwa wa presha anayejipima kwa kusikilizia kichwa, kikundi cha kuweka na kukopa ambacho mweka hazina wake anasema tu "hela ipo", vyote vinaendeshwa na mshale uliolala kwenye E. Hasara haiji kwa jina la kipimo. Inakuja kwa jina la kitu kingine, kikubwa zaidi na cha gharama zaidi, na ndiyo maana tunakitengeneza kile kikubwa na kukiacha kile kidogo kiendelee kuua.

Pia nimejifunza kumthamini fundi anayesema "tupime". Kwenye gereji zetu mwenye gari mwenyewe ndiye mara nyingi humharakisha fundi, anataka kuona spana ikizunguka na boksi jipya likifunguliwa. Kijana yule wa Kibaha alitumia muda mwingi kupima kuliko kufungua, na alilipwa ufundi wake bila kuongeza bei ya spea hata moja. Fundi wa namna hiyo ukimpata, mlipe vizuri na umtume kwa wenzako.

Kwa hiyo wewe mwenye gari la zamani, kama geji yako imelala, usiizoee. Mwambie fundi aikague siku hiyo hiyo anapofungua tangi, kwa kuwa kazi ya kufungua umeshailipia. Ukibadilisha pampu, badilisha na soksi, safisha tangi, na dai mpira wa kuzama. Usikubali mtu achomoe balbu ya taa yoyote ya tahadhari. Usifungue tangi karibu na moto wala ndani ya banda lisilo na upepo, na kama huna uzoefu, kazi hiyo mwachie anayeijua. Halafu jiwekee sheria moja: robo tangi ndiyo sifuri yako. Petroli iliyo chini ya hapo ni ya pampu.